Rubisi Iliyogoma: Namna ya Kuipima na Kujua Ilipoharibikia

Mtu aliyekulia kwenye migomba ya Kagera akifunuliwa mtumbwi wa kuchachushia rubisi, yaani pombe ya ndizi, haanzi kwa kuonja. Huinama akasikiliza. Rubisi iliyo hai ina sauti: mapovu ya hewa ukaa hupasuka juu yake mfululizo, na ukitulia utayasikia hata kabla majani ya migomba hayajaondolewa yote. Baada ya sikio huja jicho, kisha pua. Ulimi huwa wa mwisho, kwa kuwa ukishalowa utamu wa ndizi hudanganyika upesi. Anayejifunza hufanya kinyume: huonja, hukunja uso, humwaga. Anachomwaga ndicho ambacho kingemwonyesha kosa lilipo.

Tuseme basi umekamua, umechanganya, umefunika, na siku ya pili unakuta kimya. Kimya hicho kinaweza kuwa na maana tatu. Chota kidogo kutoka katikati ya mtumbwi, wala si juu kwenye povu wala chini kwenye machicha. Ikiwa tamu kama ulivyoiacha, haijaanza, au ilianza ikagoma njiani. Ikiwa utamu umekwisha na kuna ukali mwepesi unaopasha koo, imemaliza kazi yake, na wewe ndiye uliyechelewa. Ikiwa kali ya kuchoma pua, bakteria wa siki wamekutangulia. Mwenye haidromita apime asubuhi na jioni: kipimo kikiendelea kushuka, iache rubisi ifanye kazi, kikisimama siku nzima kikiwa bado juu, imegoma kweli.

Sababu ya kwanza ya kugoma haimo mtumbwini kabisa. Imo kwenye shimo la kuvundikia. Ndizi mbichi imejaa wanga, karibu sehemu moja ya tano ya nyama yake, na chachu haiwezi kula wanga. Ndizi ikiiva sawasawa, karibu wanga wote hugeuka sukari, na hapo ndipo chachu hupata chakula. Shimo lililopashwa moto vizuri na kufunikwa kwa majani huivisha mkungu kwa siku chache, lakini anayeanza hukosa subira, au hupanga mikungu ovyo hata ya pembeni ikabaki nusu mbichi. Akiona maganda ya njano huridhika. Njano peke yake haitoshi. Ganda liwe limeanza madoa meusi, lichunike bila kuvutana, na nyama ikibonyezwa kwa kidole gumba ilegee hadi katikati. Mwenye shaka anunue chupa ya aidini duka la dawa, achote maji ya ndizi kijiko kimoja, adondoshee tone moja. Yakigeuka bluu iliyoiva au nyeusi, wanga bado upo. Kijiko hicho kimwagwe, kisirudi mtumbwini.

Pili ni aina ya ndizi. Hapa wageni wa kazi hupotea wengi, hasa waliohamia mjini na kununua chochote kilichoiva sokoni. Ndizi za kupika zikiiva na kukandwa hazitoi maji. Hutoa uji mzito unaoziba nyasi na kukataa kuchujika. Kwa pombe Wahaya wana ndizi zao, embiire, na siku hizi kuna kainja iliyoenea sana. Ukionja ndizi hizi kabla hazijaiva, ukakasi wake hukausha mdomo. Ukakasi huohuo ndio unaosaidia maji kujitenga na nyama pale zinapokandwa kwa miguu pamoja na nyasi. Omuramba mzuri, yaani maji ya ndizi kabla ya kuchacha, huwa mwangavu kiasi, wenye rangi ya asali changa, na kidole kilichochovywa humo kikikauka hunata. Ukiona umepata kitu kizito chenye rangi ya maziwa, usisonge mbele kwa matumaini. Kazi yote itakayofuata itabeba kasoro hiyo.

Niongeze jambo moja ambalo zamani wazee hawakulazimika kulifikiria. Tangu mwaka 2006 mnyauko bakteria umeingia Kagera ukitokea Uganda, na kainja ni miongoni mwa ndizi zinazoathirika sana, kwa sababu wadudu huueneza kupitia ua dume. Mkungu wenye ugonjwa huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, kidole kimoja njano, jirani yake kijani. Pasua kidole kimoja kabla ya kuvundika. Ukikuta nyama ina madoa ya kahawia kama kutu, mkungu huo usiingie shimoni.

Sasa tuje mtumbwini, kwenye fumbo linalowasumbua zaidi watu waangalifu. Mtu ana ndizi nzuri, omuramba safi, amechanganya mtama uliokaangwa na kusagwa, na chombo chake ni pipa jipya la plastiki alilolisugua kwa sabuni na dawa ya klorini mpaka likang'aa. Siku mbili, kimya. Jirani yake mwenye obwato, yaani mtumbwi wa mti uliochakaa, usiopata sabuni hata siku moja, rubisi yake inatoa povu kufikia usiku wa kwanza. Usafi wa huyu wa kwanza si kosa. Amesahau tu kwamba chachu ya rubisi hainunuliwi. Inaishi kwenye maganda, kwenye mtama, na zaidi ya yote kwenye vinyweleo vya mti uliochachusha mara nyingi. Chombo kipya hakina wakazi. Dawa yake ni rahisi: omba kwa jirani rubisi changa inayotoka povu, robo lita itatosha kuanzishia pipa dogo, uimimine na kukoroga. Usiombe iliyokwisha kukomaa. Hiyo inaweza kuja na siki ndani yake.

Je, hamira ya mikate? Itafanya kazi. Kijiko cha chai kwa lita 5, kilichoamshwa kwenye maji ya uvuguvugu, kitaokoa rubisi iliyogoma ikiwa bado tamu na haijanuka. Mimi huihesabu kuwa ni huduma ya kwanza, si mapishi. Rubisi ya hamira huwa na harufu ya unga mbichi na ladha iliyonyooka mno. Ule mchanganyiko wa ndizi, moshi wa mtama na uchachu mdogo unaofanya mtu arudishe kibuyu kinywani haupo.

Baridi nayo isisahaulike. Bukoba iko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi cha Juni na Julai hupoza mtumbwi uliowekwa nje. Chachu hupenda nyuzi 25 hadi 32 za Selsiasi. Chini ya hapo hulegea, na ikipita 40 huanza kufa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote, weka mkono ubavuni mwa chombo. Kikiwa baridi, kifunike kwa majani makavu na mablanketi, ungoje nusu siku.

Pua ina kazi yake pia. Harufu ya mayai viza ni ya chachu iliyochoka, na mara nyingi hupotea yenyewe. Harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ni mbaya zaidi: siki imeanza kuungana na pombe, na hakuna kuirudisha nyuma. Ukiona nzi wadogo wa matunda wamejaa juu ya kifuniko kilicholegea, umekwisha kujua nani aliyewaleta bakteria wa siki na hewa iliwafikiaje. Rubisi ya namna hiyo iache iwe siki ya kupikia, maana ndizi hutoa siki nzuri. Yenye ukungu wa rangi juu, au inayovutika kama ute, imwagwe.

Ninalopinga kwa nguvu ni kilo za sukari. Ni kweli kwamba kila gramu 17 hivi za sukari kwa lita huongeza asilimia moja ya pombe, na ndiyo maana watu huikimbilia. Lakini iliyogoma kwa ukosefu wa chachu haiponi kwa kuongezewa chakula, na sukari ikizidi mno huinyausha chachu iliyopo. Ikifanikiwa, hupata kinywaji kikali kisicho na mwili.

Wapo wanaosema rubisi mbovu isitupwe, ichemshwe iwe enkonyagi, moto utaisafisha. Ukiacha kwamba sheria ya Tanzania inakataza kukeneka pombe ya moshi bila leseni, hoja yenyewe si sahihi. Kile kinachonuka dawa ya kucha huchemka kwenye nyuzi 77, na pombe kwenye nyuzi 78. Vinapanda pamoja na kushuka pamoja, na harufu hutoka ikiwa kali kuliko ilivyoingia. Rubisi yenye siki hula chuma na risasi ya viungo vya mapipa, ikaziacha ndani ya kinywaji. Tena kuna methanoli, ambayo mwaka 2010 iliua makumi ya watu waliokunywa waragi huko Kabale, nchini Uganda. Jicho, pua na ulimi nilivyovisifia hapa havina uwezo wa kuitambua, na rangi ya mwali wa moto, ambayo wengi huitegemea, si kipimo cha kuaminika.

Rubisi iliyofaulu ihukumiwe siku ya pili, kabla jua halijawa kali. Iwe na povu laini lisilokatika upesi, rangi ya udongo mwekundu kutokana na mtama, na harufu ya ndizi iliyoiva yenye moshi kwa mbali. Mdomoni ianze na utamu kidogo, ifuatwe na uchachu, imalizie na ukakasi unaosafisha ulimi. Ikibaki utamu mtupu, irudishe chini ya majani hadi jioni, kisha usikilize tena.