Singeli Imepanda Ndege, Kigodoro Je?

Washikaji wengi wanajivuna kwamba singeli imefika Ulaya. Sawa, imefika. Lakini mimi nakaa Kilwa Masoko na swali langu ni jingine: kile kigodoro kilichoilea kiko wapi?

Kwa asiyejua, kigodoro ni shughuli ya mtaani ya usiku kucha. Binti anaolewa kesho, au mwali anatolewa, basi njia inafungwa, maspika yanapangwa, watu wanacheza mpaka alfajiri. Huko Manzese, Tandale na Mburahati vijana walichukua urithi wa mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio, wakakata vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwenye kompyuta hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Huku kwetu mziki huo ulishuka na mabasi ya Mbagala, ukaingia kwenye shughuli za jando.

Mwaka 2016 Man Fongo alitamba na Hainaga Ushemeji. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Nimeusikiliza sana. Mapigo yamo, tena makali. Ila kuna kitu hakimo. Kwenye kigodoro MC anamtaja mama mwenye shughuli, anamtania jirani aliyetoa mchango kiduchu, anamsifu fundi baiskeli wa kona. Akikosea jina anazomewa palepale. Maneno yana mwenyewe. Kwenye rekodi yanakimbia tu, na msikilizaji wa Berlin hawezi kumzomea mtu.

Wakati singeli inapanda, vigodoro vilikuwa vinapigwa marufuku huku na kule. Tusidanganyane, sababu zilikuwepo: watoto walikesha wakitazama wakubwa wakivua khanga, vibaka walijipatia riziki, wagonjwa hawakulala. Usiku mmoja dada yangu alirudi analia, sitaandika zaidi. Lakini dawa ilikuwa kuwasha taa na kuzima mziki saa sita, siyo kumnyang'anya MC watu wake.

Jando la mwaka jana mtaani kwetu lilikuwa na spika moja na flashi, MC hakuna. Nyimbo zikataja majina ya watu wa Dar. Mama mwenye shughuli alisimama kidogo, akasikiliza kama na lake litakuja, kisha akaenda kupakua pilau.