Utepe Kwanza, Prosesa Baadaye

Mwalimu mmoja hapa Marekani kanionyesha TI-83 Plus ya mtumba, kikokotoo cha grafu, anaisifia eti iko kama mpya. Kasha lilikuwa safi, sikatai. Sabuni ni bei rahisi. Kwenye kioo safuwima mbili zilikuwa zimekufa, na hakuna aliyeziona.

Watu hukimbilia prosesa: Z80 ya MHz 6 kwenye TI-83 ya 1996, MHz 15 kwenye TI-84 Plus ya 2004. Parabola ya darasani haina haja ya mbio hizo. RAM nayo ni porojo: TI-84 Plus za mwanzo zilibeba KB 128, za baadaye KB 48, jina lile lile, na mwanafunzi anaachiwa kama KB 24 tu. Ubahili, lakini haumfelishi mtu.

Tazama utepe. Ule ukanda mwembamba unaopeleka umeme kwenye kioo haukulehemiwa. Umegandishwa kwa joto na gundi. Kasha likipindwapindwa ndani ya mkoba, gundi inaachia uzi mmoja mmoja. Kwa hiyo usiridhike na menyu. Weka dirisha la kawaida, andika Shade(-10,10), grafu yote ijae weusi. Sasa kamata ncha mbili za kasha, pinda kidogo sana, uangalie mistari myeupe. Safuwima ya mwisho kulia na mstari wa chini kabisa vitabaki vitupu: ndivyo ilivyoundwa, pikseli 95 kwa 63 kati ya 96 kwa 64. Asiyejua hulilia hapo, akaziacha zile mbili zilizokufa katikati.

Matapeli hupachika karatasi iliyokunjwa nyuma ya utepe, kioo kikae sawa hadi ulipe. Fundi wangu wa zamani alipitisha pasi ya kulehemu juu ya utepe polepole, bila kusema neno, na kazi yake ilidumu. Skrubu za nyuma ni za nyota. Zikiwa na makovu ya bisibisi bapa, weka chini uondoke.

Vitufe viwe na mbofyo. HP-48SX ya 1990 ilikuwa nao, kidole kilijua kimebonyeza. Vingine ni kama mpira tu. Betri ya akiba ikiwa na ukungu wa kijani, hapana. Zile TI-84 Plus CE za rangi, zenye betri ya kuchaji, msiniletee.