Hongera Mafundi wa Simu za Getini

Upareni, Bombo ikiwemo, nyumba nyingi hukaa juu ya mteremko, geti likabaki chini barabarani. Mgeni hupiga hodi mpaka koo limkauke. Pongezi basi kwa mafundi wanaofunga simu za getini zisizo na waya. Hakuna tena kuchimba mtaro kwenye mawe. Fundi mzuri hakimbilii kutoboa ukuta. Kwanza humwacha mtu getini aongee, yeye akizunguka vyumbani na kipokezi, akitega sikio sauti inapokwaruza, maana zege na bati hudhoofisha mawimbi. Kisha hukikinga kitufe na mvua, na kumfundisha bibi kujibu. Betri, lakini, ni juu yako mwenye nyumba. Zikiisha, usimlaumu fundi.