Msafiri Aliyehesabu Pembe

Wazee wasema: Kutembea kwingi, kuona mengi. Ni kweli. Lakini je, kuona mengi ndiko kubadilika moyo? Tukipime kitabu kimoja kilichozaliwa katika njia za nchi yetu.

Ni kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Alikisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na Mdachi mmoja, Heinrich Brode, akakichapa mwaka 1902 na 1903. Wachache walitembea kama mtu huyu. Alitoka Unguja, akavuka Tanganyika, akafika Kasongo na Nyangwe. Mwaka 1876 alifuatana na Stanley kuufuata mto Lualaba. Mwaka 1887 Bula Matari wakamfanya liwali wa Stanley Falls, penye Kisangani ya leo.

Lugha yake ni safi, na maneno yake ni machache. Kwa hayo tumsifu. Lakini tazameni macho yake yanaangalia nini. Akiingia nchi mpya, ahesabu pembe kwa frasila, bei yake, na bunduki zake. Wapagazi waliozibeba pembe hizo wapita kama kivuli. Uchovu wao karibu hatuusikii.

Kuna habari moja yatosha. Alisikia kwamba zamani dada za sultani Kasongo Rushie wa Utetera walichukuliwa mateka na Warua. Basi akaenda Utetera, akasema kwamba bibi yake ni mmoja wa dada hao. Mzee yule akamkumbatia kama mjukuu, akamwachia usultani, na pembe zikaja. Kilio cha jamaa nzima kilimfikia msafiri huyu masikioni. Yeye akakigeuza kuwa ufunguo wa ghala. Naye asimulia bila haya.

Labda mtu atasema: Alikuwa mfanyabiashara, angeandika nini kingine? Basi tumweke kando ya Salim bin Abakari, aliyemfuata bwana wake Mdachi mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika safari yake kwa Kiswahili. Naye pia alikuwa kazini. Lakini hakuwa na jeshi nyuma yake. Aliwatazama watu, nao walimtazama yeye kwa mshangao. Anayetazamwa hivyo hujifunza kwamba popote aendapo yeye ndiye mgeni. Tippu Tip, mwenye bunduki nyingi, hakulazimika kuwa mgeni wa mtu.

Ndugu wasomaji, siku hizi watoto wetu waenda mbali, Lubumbashi, Nairobi, hata Ulaya. Wakirudi, twauliza upesi: Umeleta nini? Swali hilo ni la frasila. Tuwaulize kwanza: Ulikaa kwa nani? Alikupa chakula gani? Jina lake nani? Asiyeweza kujibu amechosha miguu tu. Kitabu cha Tippu Tip kisomwe kwa uangalifu, maana chaonyesha jinsi mtu aweza kupita kati ya mataifa mengi, akarudi kwao na moyo ule ule.