Sauti ya Zimwi: Muziki na Sinema katika Shule za Nyanda za Juu Kusini

Katika ngano inayosimuliwa kwa sura nyingi Afrika ya Mashariki na ya Kusini, mama huwaacha watoto wake nyumbani na kuwafundisha wimbo. Wimbo huo ndio ufunguo: arudipo huuimba mlangoni, nao wakiutambua humfungulia. Zimwi lililojificha kichakani huusikia, hujifunza kila neno, kisha huja kuuimba mahali pale pale. Watoto hawafungui. Maneno ni yale yale, lakini sauti ni nzito, tena inakwaruza. Zimwi huenda likameza jiwe la moto ili koo lake lilainike, likarudi na kuimba tena, na mara hii mlango hufunguliwa.

Mwanafunzi wa sekondari huko Iringa au Mbeya akiisoma ngano hii kitabuni huukuta wimbo umechapwa mara tatu kwa herufi za namna moja. Akiulizwa kwa nini watoto walikataa mara ya pili wakakubali mara ya tatu, atajibu kwa kuwa msimulizi amemwambia, wala si kwa kuwa amesikia. Kisa chote kimesimama juu ya tofauti ya sauti, na tofauti hiyo ndiyo kitu ambacho karatasi haiwezi kukichukua. Tena, kwa kuwa mafunzo ya fasihi simulizi huzigawa tanzu, ngano huwekwa katika fungu la hadithi na wimbo katika fungu la ushairi. Wimbo ulio ndani ya ngano hubaki yatima. Hapana afanyaye kazi nao ila kuzihesabu beti zake na kuitaja dhamira.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wataalamu wa ngano, lau si kwamba kijana huyo huyo, atokapo darasani, hukaa saa nyingi mbele ya picha za sinema, katika simu, katika runinga ya jirani au katika kibanda cha video. Kila picha humwimbia kitu mlangoni. Muziki humtangulizia hofu kabla ya mwuaji kuonekana, humpa huruma kwa mtu ambaye bado hajamjua, humfanya acheke mahali ambapo pengine hapana la kuchekwa. Haya yote hutendeka bila yeye kuulizwa, na shule haimpi hata neno moja la kuyaelezea. Masomo ya Muziki na Sanaa za Maonyesho yamo katika orodha ya mitihani ya kidato cha nne tangu zamani, lakini shule zinazoyafundisha ni chache. Tahasusi mpya za kidato cha tano zilizotangazwa mwaka 2024 zimeyafungulia mlango masomo ya namna hiyo. Basi lililobaki ni kujua yatasomwa vipi, na kama muziki utafundishwa chumba hiki na maonyesho chumba kile, kama vile wimbo ulivyotengwa na ngano yake.

Historia ya sinema katika Tanganyika yenyewe inatosha kuonyesha kwamba sauti na picha si kitu kimoja kilichozaliwa pamoja. Kati ya 1935 na 1937, jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika liliendeshwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Picha hizo zilihusu afya, kilimo, kodi, kuweka akiba posta, na mambo kama hayo. Zilikuwa bubu, sauti yake ilitiwa katika santuri, ikapigwa wakati picha inapita, na kwa njia hiyo picha moja iliweza kupewa lugha mbalimbali. Huu ni mfano bora wa kuanzia somo. Santuri ilikuwa upande mmoja na mkanda upande mwingine, kila mtu aliweza kuona kwamba kuna mkono uliovikutanisha, na kama sindano ingeruka, msemaji angeendelea kusifu jambo ambalo pazia halikulionyesha tena. Leo viungo hivyo vimefichwa, na kwa sababu vimefichwa mtazamaji mchanga hudhani kwamba huzuni anayoisikia imetoka usoni mwa mwigizaji.

Mfano wa pili ni Hatari!, picha ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika na kutolewa 1962. Ndani yake kuna kipande maarufu ambamo mwigizaji Elsa Martinelli anawaongoza ndovu wachanga kwenda kuoga. Mtungaji wa muziki, Henry Mancini, alisimulia kwamba Hawks hakujua afanye nini na kipande hicho. Mancini akautazama mwendo wa wale ndovu, akakumbuka mtindo wa piano za Wamarekani Weusi uitwao bugiwugi, akatunga wimbo uliopata sifa dunia nzima. Kwa ufundi, ni kazi isiyo na dosari: muziki uliokoa kipande kilichokuwa karibu kutupwa. Lakini ndovu wa picha ile amefanywa mchekeshaji na muziki huo, wala si na mwendo wake. Mkulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Ruaha, ambaye mahindi yake yamewahi kukanyagwa usiku, angemtungia mnyama yule wimbo wa namna nyingine kabisa. Darasa la Iringa likionyeshwa kipande hicho kwanza kimya, kisha na muziki wa Mancini, litakuwa na jambo la kubishania ambalo darasa la Hollywood halina.

Hapo yafaa mwanafunzi apewe istilahi mbili tu, muziki wa ndani na muziki wa nje. Wa ndani ni ule ambao watu wa kisa wenyewe wanausikia: redio ya dukani, kwaya ya kanisani, ngoma ya harusini. Wa nje ni ule unaosikiwa na mtazamaji peke yake. Vitabu vingi huishia katika mgawanyo huo, kumbe utamu uko mpakani. Katika picha za Kihindi zilizopendwa sana Pwani, kama Awaara ya 1951, mtu huanza kuimba barabarani na vinanda visivyoonekana vikamwitikia, wala hakuna mtazamaji aliyeona ajabu. Waimbaji wa taarabu walizichukua tuni za picha hizo, wakazitia maneno ya Kiswahili, na muziki uliokuwa wa nje ukawa wa ndani katika harusi za watu.

Lakini picha ifaayo zaidi kwa shule ni Sarafina!, iliyotolewa 1992 kutokana na mchezo wa Mbongeni Ngema, kwa sababu wahusika wake ni wanafunzi wa sekondari. Kwa mtu wa Nyanda za Juu habari hiyo haiko mbali. Barabara ile ile itokayo Mbeya na Iringa kuelekea Dar es Salaam hupita Morogoro, na huko Mazimbu ndiko chama cha ANC kilikoweka Chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia 1978 hadi 1992, kikawapokea vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya 1976. Katika picha hiyo wanafunzi huimba Sala ya Bwana shuleni. Maneno ni ya sala, kila mtu ayajua, na mtawala aliyezisikia herufi zake asingepata la kukataza. Upinzani umo katika sauti: katika uzito wa pamoja, katika namna kiitikio kinavyopanda. Ni ngano ya zimwi iliyopinduliwa, maana hapa walio dhaifu ndio waliobadili sauti ili mlango ufunguke. Wakosoaji kadhaa waliilaumu picha hiyo kwa kuchanganya nyimbo na mateso. Lawama hiyo inazungumzika, lakini inasahau kwamba katika mapambano ya Kusini wimbo haukuwa pambo lililoongezwa baadaye; uliimbwa makaburini na njiani.

Ukirudi nyumbani, hali ya picha za Kitanzania inataka ukosoaji mkali zaidi, kwa kuwa ndizo zinazotazamwa. Kwanza palikuwa na wafasiri wa video, na aliyejulikana kupita wote ni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu. Aliitia sauti yake juu ya picha za kigeni na kuzisimulia upya kwa Kiswahili. Wasomi wengine walimcheka. Hawakutambua kwamba alikuwa akirudisha kazi ya msimulizi wa ngano mahali pake. Ila gharama yake ilikuwa kubwa, kwani alipozungumza muziki ulizama, na watazamaji wakazoea kupewa maana kwa maneno matupu. Kisha ikaja Girlfriend mwaka 2003, picha ya George Tyson iliyowatia wanamuziki wa bongo fleva katika uigizaji na kujiita filamu ya maisha na muziki. Hapo muziki ulikuwa na sababu ya kuwapo, maana ulikuwa kazi ya wahusika na njaa yao.

Picha nyingi za miaka iliyofuata hazikuifuata njia hiyo. Kinanda cha umeme huanza kulia tangu jina la kwanza kuandikwa na hakinyamazi hadi mwisho. Mama akifiwa kinalia, mume akichelewa kinalia, msichana akifungua jokofu kinalia kwa tuni ile ile. Mtu anayelia saa mbili mfululizo hawezi tena kusadikiwa anapopata msiba. Msimulizi wa ngano, asiye na chombo ila koo lake, hujua kunyamaza kabla ya wimbo, na wasikilizaji hujisogeza mbele. Ufundi huo haudai fedha. Umepotea kwa sababu watengenezaji wengi wa picha walifundishwa na shule kuuona wimbo kama beti na dhamira, hawakufundishwa kuusikia.

Hata hivyo, kuleta muziki wa kienyeji shuleni hakutoshi peke yake. Mwaka 1928 W. B. Mumford alianzisha shule ya Malangali, ambayo sasa imo wilaya ya Mufindi, kwa nia ya kujenga elimu juu ya mila za wenyeji. Wazee walishirikishwa na ngoma zikapewa nafasi katika mafunzo. Mumford mwenyewe aliueleza mpango huo katika jarida la Africa mwaka 1930. Nia yake ilikuwa njema kuliko ya wengi wa zama zake. Ila ngoma iliyoitwa shuleni ili ihifadhiwe hukaribia kuwa kitu cha jumba la makumbusho, kinachochezwa mgeni afikapo. Ligombo la Wahehe, ubao uliochimbwa kama kihori na kutandazwa nyuzi, ambalo Hugh Tracey alilinasa katika safari yake ya 1950, halihitaji kulindwa na sinema. Linahitaji kupewa kazi ndani yake.

Kazi hiyo yaweza kuwa ndogo sana. Darasa la Iringa lipige kwa simu dakika moja ya lori linalopanda Kitonga, mlima ambao kila mwanafunzi wa huko anazijua kona zake. Picha hiyo ipewe kwanza ligombo na mwimbaji wa makamo, kisha bongo fleva ya juma hilo, mwishoni iachiwe mngurumo wa injini peke yake. Lori la kwanza litakuwa linamrudisha mtu kuzikwa kwao. La pili litakuwa na kijana aliyepata mzigo. La tatu litatisha, kwa sababu sikio litaanza kusubiri breki. Darasa la Mbeya lina reli ya TAZARA, iliyofunguliwa 1976, ambayo magurudumu yake tayari yana mapigo, na lina ngoma za Wanyakyusa za kupimia mapigo hayo. Kwaya za kanisa, ambazo nyingi hupiga video za nyimbo zao, zitawapa vijana mfano mwingine wa kuchambua, na wasione haya kuuchambua.

Pingamizi litatoka kwa watahini, watakaosema kwamba sauti haiwezi kutahiniwa kwa karatasi. Ni kweli. Lakini mtihani wa vitendo haukatazwi na muziki, na kipaza sauti kimoja chatosha ukumbi mzima. Shida iliyo ngumu zaidi ni kwamba shule nyingi za bweni huwakataza wanafunzi kuwa na simu, na sababu zake zinaeleweka. Basi lori la Kitonga litapigwa kwa simu ya mwalimu, iwapo ina chaji.