Tikiti Lililoning'inizwa Msituni

Mapema mwaka 1970, Frederick Forsyth, mwandishi wa habari Mwingereza aliyekuwa hana kazi wala akiba, aliketi mbele ya taipureta na kumaliza riwaya kwa siku 35. Wachapishaji kadhaa waliirudisha. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi: The Day of the Jackal inasimulia muuaji wa kukodiwa anayetumwa kumpiga risasi Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa mwaka 1963, na de Gaulle mwenyewe bado alikuwa hai. Nani angefunua mamia ya kurasa kungojea risasi anayojua fika kwamba haikumpata mtu?

Kitabu kilitoka 1971, kikauzwa kwa mamilioni, na mwaka uliofuata kikatwaa Tuzo ya Edgar nchini Marekani. Forsyth hakujaribu kuficha jibu. Alibadilisha swali. Msomaji haulizi tena kama rais atakufa. Anauliza mtu aliyejipanga hivi atakwamia wapi.

Ili swali hilo liume, mpango sharti uaminike. Ndiyo maana riwaya inaanzia kwenye historia. Agosti 22, 1962, gari la de Gaulle lilimiminiwa risasi kule Petit-Clamart, kando ya Paris; Machi 1963, Jean Bastien-Thiry, aliyeongoza shambulio hilo, akauawa kwa kupigwa risasi baada ya kuhukumiwa. Hayo yalitokea kweli, na Forsyth aliwahi kuripoti kutoka Paris kwa shirika la Reuters miaka hiyo. Msomaji akishayakubali, anavuka kuingia kwenye mambo ya kubuni bila kujua mpaka uko wapi.

Kisha inakuja kazi ya mikono. Muuaji, Mwingereza anayeitwa Mbweha tu, anapita makaburini akitafuta mtoto aliyefariki ambaye angekuwa rika lake, anaomba cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo, halafu pasipoti. Fundi wa Brussels anamtengenezea bunduki nyembamba inayofunguka vipande vipande na kuingia ndani ya mabomba ya gongo la kilema. Katika msitu wa Ardennes anatundika tikiti lililochorwa sura ya mtu, anarudi nyuma mita 130, anafyatua, anaenda kulikagua, anakaza skrubu ya darubini kidogo, anafyatua tena. Mwishowe anatia risasi ya kulipuka, na tikiti linasambaratika. Forsyth haandiki popote kwamba hilo ni kichwa cha rais. Amemwachia msomaji, ambaye kufikia hapo ameshakuwa msaidizi wa fundi.

Sehemu ya pili inaingiza mkimbizano. Kamishna Claude Lebel, mpole na mfupi wa kimo, anapewa kazi ya kumsaka mtu asiye na jina, sura wala kosa linalojulikana. Sura zinapokezana: Mbweha anasogea, Lebel anafuata. Ila kuna mwanya. Mmoja wa wakubwa wa serikali wanaokutana kila usiku kumsikiliza ana hawara, na hawara huyo ni jasusi wa wapangaji wa mauaji. Kila hatua ya Lebel inamfikia Mbweha kwa simu. Msomaji analijua hilo mapema kuliko polisi, na kila Lebel anapotoa ripoti, anatamani kumziba mdomo.

Sehemu ya tatu ni fupi, nayo inakwenda mbio. Agosti 25, sikukuu ya ukombozi wa Paris, askari mstaafu mwenye mguu mmoja anapita kizuizi cha polisi akichechemea kwa gongo. Ametafuna baruti makusudi ili uso wake upauke kama wa mgonjwa. Dirishani, darubini inatulia kwenye kichwa cha rais, anayewavisha nishani wapiganaji wa zamani. Mbweha anafyatua. Sekunde hiyohiyo de Gaulle, Mfaransa mrefu, anainama kumbusu mzee mmoja mashavuni, desturi ambayo Mwingereza hakuitia kwenye hesabu zake, na risasi inachimba lami nyuma yake. Mbweha anatia ya pili. Kwenye ngazi, Lebel anapanda akihema.