Kulabu ya Bandia katika Singe ya 1907

Nyinyi mlioufuata mnada ule wa Uingereza mlimwona mthamini akiitwaa singe ya Kiingereza ya namna ya 1907, akiigeuza mara moja tu, kisha akiinadi kuwa ni nadra na asilia, yenye kulabu ya kiwandani. Na hukumu ile, nasema bila ya taradadi, ilikuwa batili.

Hoja yake ilikuwa ni ile 1907 iliyopigwa muhuri chini ya taji. Lakini tarakimu hizo ni jina la namna, wala si tarehe ya kuundwa. Tarehe huandikwa chini yake, mwezi na mwaka, na hapo palisomeka waziwazi mwezi wa 5 wa mwaka 1917, juu ya jina la muundaji, Sanderson wa Sheffield. Kulabu ile, ambayo Waingereza waliiiga kwa Wajapani pamoja na umbo lote la singe, ilifutwa mwaka 1913: vipi basi fundi wa Sheffield, vita vimepamba moto, aunde kitu ambacho jeshi lake lilikwisha kukikataa? Na kichwani mwa mpini mlikuwa na tundu la kutolea uchafu, lililoanza kutobolewa mwaka 1916. Tundu peke yake si dalili kamili, kwa kuwa singe kongwe zilizorejeshwa karakana nazo zilitobolewa. Ila likikutana na tarehe ile, shaka gani yabaki? Angalau angeupitisha ukucha kwenye shina la kulabu, penye mstari wa lehemu ambao tupa haikuweza kuuficha.

Ala na skrubu za mpini alizieleza sawasawa.

Nimekwisha kulalamika, na sitachoka, juu ya msasa, ambao wakusanyaji huutumia kung'arisha bapa hata mihuri, iliyo ushahidi wetu wote, ikafutika; na juu ya wathamini wanaoiamini hadithi ya marehemu babu kuliko chuma kilicho mkononi. Wakaguzi wa zamani hawakuipa singe alama ya X mpaka bapa limepindishwa likarudi sawa, na Wilkinson-Latham, aliyetutungia kitabu cha singe za Kiingereza mwaka 1967, alituzoesha kusoma muhuri kabla ya kutaja thamani.

Mnunuzi arudishiwe fedha zake, na daftari la mnada lisahihishwe: singe halali ya Sanderson, ya mwaka 1917, iliyoharibiwa kwa kulabu ya kuungwa.